Fomu ya Kumtafuta Redio

Hii ninayowapa leo hamtaiamini, na kwa kuwa ninayeisimulia ni mimi, mtazidi kutoiamini, maana ukoo mzima unanijua kwa kutia chumvi. Sawa, chumvi ninayo na siikani. Lakini hii ilikuja na chumvi yake yenyewe, mimi sikuongeza hata punje. Alikuwepo mwanamke aliyeandika ujumbe kwa mkono wake, akaupokea kwa mkono wake, akijua kwamba kila neno lililomo ni la kutunga kwa sababu aliyelitunga ni yeye. Na bado ujumbe huohuo ukamnyanyua mama yake kitandani, ukamvalisha viatu na kumvusha mto.

Mwanamke huyo ni mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu. Jina la Kipimo nilimpa mimi, kama nilivyowapa majina nusu ya watu wa mtaa wetu bila kulipwa. Alilipata tangu utotoni. Ukimpa chai ananusa, anagusa kikombe kwa kidole, anaonja kwa ncha ya ulimi, na uchunguzi ukiisha chai nayo imeshapoa, ndipo anapolalamika kuwa imepoa. Kiti hakikalii mpaka akitikise. Hata yule mchumba aliyekuja kujitambulisha alipimwa hivyohivyo, kushoto kulia, mbele nyuma, mpaka naye akapoa.

Kazi yake ni katika duka la kutoa nakala, duka jembamba kama ujia, lenye mashine mbili zinazokwama kwa zamu, kompyuta moja ambayo feni yake inalia, na mwenye duka ambaye vidole vyake havijawahi kutakata, kwa hiyo tunamwita Wino. Huko ndiko Kipimo alikojifunza namna wanadamu wanavyojaza fomu. Penye jina wanaandika anwani. Penye tarehe ya kuzaliwa wanaandika tarehe ya leo. Palipoandikwa "usiandike hapa" ndipo wanapotia sahihi, tena kubwa, yenye mkia. Ukisimama nyuma ya kaunta ile miaka kadhaa, unapoteza imani na mambo mengi, ila unapata jicho la kuona kosa kabla halijatokea.

Sasa mdogo wake. Huyo tulimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa fundi friji. Aliimba akila, aliimba akioga, aliimba kichwa kikiwa ndani ya friji ya watu, na aliimba vibaya, Mungu amsamehe, sauti kama geti lililokosa mafuta. Mkono wake wa kushoto una kovu la kuungua, limekatiza juu ya kifundo kama mkanda wa saa. Dada yangu alikuwa akishona kwenye cherehani yake sebuleni huku kijana anaimba chumbani, na kila dakika anapiga kelele, "Nyamaza we mtoto, nimeshakosea mshono!" Na Redio anajibu, "Mama, hiyo ni mashine, mimi ni msanii."

Asubuhi moja alitoka na mkoba wake wa spana. Alisema kuna chumba cha baridi cha watu kimekufa, wamempigia, atarudi kula. Ni watu gani hao, hakusema, wala hakuna aliyemuuliza. Nani humuuliza fundi friji ni friji ya nani?

Hakurudi kula. Simu yake iliita bila kupokelewa, halafu ikaacha kuita, halafu ikabaki sauti ya yule mwanamke anayesema mteja hapatikani. Dada yangu akawa anampigia mwanamke huyo kila mara, anamsikiliza mpaka mwisho, kama vile leo huenda akasema jingine. Tulikwenda polisi. Askari wa zamu aliandika jina, akauliza umri, akafunika kalamu. "Mama," alisema, "mtu mzima akiondoka, ameondoka." Tulikwenda hospitali, tukaenda na kule nyuma ya hospitali ambako mtu anaingia akishikilia ukuta. Hakuwepo, na tulipotoka nje hatukujua kama tushukuru. Kipimo alichapa karatasi zenye picha yake pale dukani, Wino hakumtoza hata wino, tukazibandika kwenye nguzo za umeme. Mvua ikazibandua. Tukabandika tena.

Baada ya hapo dada yangu akaifunika cherehani kwa shuka na kuhamia chumbani kwa Redio. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda ameshika tama, akila akilazimishwa, na geti la nyumba yake mwenyewe akaacha kulivuka. Mwanamke aliyekuwa akinitukana tangu nilipojifunza kutembea akaacha hata kunitukana. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ndipo Kipimo alipopata wazo la tovuti. Mambo ya tovuti alijifundisha kwa kutazama video, akiwa dukani wakati wateja hawapo, kwa laptopu kuukuu aliyoinunua ikiwa imeng'oka kitufe cha herufi moja, pakabaki kinundu cha mpira. Juu ya ukurasa aliweka picha ya Redio anacheka, chini maelezo yake, na chini zaidi fomu. Umemwona wapi? Lini? Alikuwa anafanya nini? Tukupate kwa namba gani? Halafu kitufe cha kijani kimeandikwa Tuma.

Nilipoiona mara ya kwanza, Jumapili mchana, mezani jikoni, nikapiga kofi. "Imekwisha hii! Ilipie basi iende hewani, dunia imwone."

"Bado, Mjomba."

"Bado nini? Unangoja ipoe?"

Hakucheka. "Mjomba, ukimpigia mtu usiyemjua, kwa habari za mtu mwingine usiyemjua, na simu isiingie, unarudia?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Hurudii," akasema. "Na aliyemwona Redio hatarudia. Atajaza mara moja, labda amesimama njiani, labda bando lake linaisha. Fomu ikimkatalia atatia simu mfukoni aende zake, na hatawaza tena mpaka anakufa. Mimi siwezi kuipoteza hiyo mara moja."

Kwa wale wenzangu ambao shule ilituchoka mapema, ngoja niwafafanulie, maana mimi nilieleweshwa mpaka mwelezaji akakauka koo, na sasa ni mtaalamu. Tovuti inahitaji kompyuta ya kuishi, iliyo wazi kwa watu wote muda wote, na hiyo unakodi kwa kampuni, unalipia mwaka. Lakini kabla hujakodi, unaweza kuilaghai kompyuta yako mwenyewe ijione kuwa ndiyo hiyo. Unabonyeza Tuma, inajitumia ujumbe yenyewe, inajipokea yenyewe, inajiambia asante. Nje hakuna anayeona kitu. Ni kama kijana anayefanya mazoezi ya kuposa mbele ya kioo: anakubaliwa kila mara. Basi pale juu ya kitambaa cha plastiki cha meza, kati ya birika na mkebe wa sukari, tovuti ya Redio ilikuwa hai kabisa, na nje ya meza hiyo haikuwepo duniani.

Kipimo akaanza kuijaribu kwa namna yake. Wengine, anasema, huandika "jaribio, jaribio", wakiona imepita wanashangilia. Yeye haamini jaribio la namna hiyo, kwa sababu hakuna mtu wa kweli anayeandika hivyo. Ukitaka kuipima fomu lazima uijaze kama watu, na watu anawajua. Akakaa pale akawa dereva wa lori, akaandika KWA HERUFI KUBWA TUPU kama anayeshindana na injini. Akawa mwalimu mstaafu, kila penye pumzi koma. Akawa mama mwenye haraka aliyeacha mahali pa simu patupu na kuiandika namba penye jina. Akawa mtu mwenye tamaa: "Zawadi kiasi gani kwanza?" Akawa mlevi. Kwa mlevi, sitaki kujua alimwiga nani, lakini mlevi huyo alipenda sana kujisifu. Fomu ikawameza wote, ikakwama kidogo, akairekebisha, ikawameza tena.

Kisha akawa mwenye bucha. Akaandika hivi: "Huyu kijana namjua. Alinitengenezea friji ya bucha yangu, ng'ambo ya mto, karibu na soko la mbao. Ana kovu mkono wa kushoto. Anaimba muda wote na hajui kuimba." Akabonyeza Tuma. Ukurasa ukawa mweupe pe, na katikati maneno ya kompyuta ambayo hata mganga hayasomi.

Alihangaika nayo mchana kutwa. Mwisho akaona kosa lilipokuwa: kile kialama kinachoning'inia katika ng'ambo. Fomu ilikuwa ikikiona inadhani maneno yameishia hapo. Kialama kidogo kuliko kinyesi cha nzi, kimeangusha nyumba nzima! Fikiria sasa mtu amemwona Redio ng'ambo ya kitu chochote, au amemwona anang'arisha kitu, au amepanda gari la ng'ombe. Ujumbe wake ungemezwa na weupe ule, na hapa nyumbani tungekaa tunangoja. Kipimo alishika kichwa. Ndiyo maana napima, alijiambia. Ndiyo maana.

Akarekebisha, akaandika upya, ukakataa. Akarekebisha tena, akaandika upya, ukakataa. Na kila alipouandika upya, maneno yakawa yanaongezeka kidogo. Mara ya kwanza aliyaandika kwa ajili ya fomu. Mara ya mwisho, kanieleza mwenyewe, hakujua tena anayaandika kwa ajili ya nani. Mwishoni mwenye bucha alikuwa ameongeza: "Nilimwuliza kwa nini asirudi kwao. Akasema anawakumbuka sana, hasa mama yake, ila anaona haya kurudi mikono mitupu."

Tuma. Mstari wa kijani: Asante, ujumbe wako umepokelewa.

Akafungua ukurasa wa pili, ule wa kusoma zilizoingia, na ujumbe ulikuwa pale juu ya orodha, mzima, na ng'ambo yake. Akashusha pumzi. Matone ya mvua yakaanza kugonga bati, akakumbuka nguo kwenye kamba, akatoka mbio kwenda kuzianua.

Sasa tazama mambo. Dada yangu, ambaye alikuwa hatoki chumbani ila kwa lazima, siku hiyo kiu ilimtoa. Akaja jikoni kuchukua maji. Laptopu iko wazi mezani.

Kipimo aliporudi amekumbatia nguo mpaka kidevuni, alimkuta mama yake amesimama, amevaa viatu. Viatu vya kutokea. Mkoba uko begani.

"Umeingia lini?" mama akauliza.

"Nini, Mama?"

"Huu. Umeingia leo? Umeingia, na wewe unaanua nguo?"

Nguo zikamteleza mpwa wangu mikononi, moja moja. "Mama, hayo ni majaribio. Nimeandika mimi."

"Umeandika wewe."

"Tovuti haijatoka hata humu jikoni. Hakuna mtu wa nje anayeweza kuiona, sembuse kuandika. Naipima tu."

"Huyu dereva?"

"Mimi."

"Na huyu wa zawadi?"

"Mimi, Mama."

Dada yangu akainama, akasoma tena, mdomo ukicheza. Yeye husoma polepole, kwa kidole, na kile kidole kilisimama chini kabisa ya ujumbe wa bucha.

"Hao nakubali ni wewe," akasema. "Unawaigiza watu tangu mdogo. Lakini huyu si wewe. Anaona haya kurudi. Hilo si neno lako, Kipimo. Hilo ni la mwanangu, amelisema kwa mdomo wake."

"Mama, nakuapia..."

"Unanificha. Umeambiwa jambo lingine, baya zaidi, sasa hutaki niende kuliona. Toka mlangoni."

Kipimo akanipigia simu. Nilifika kabla hajaikata, hivyo ndivyo ninavyokimbia. Nikamkuta dada yangu ameshafika kwenye geti, binti amemshika mkono, wote wawili wamelowa.

"Dada," nikasema kwa sauti ya kiungwana, "mtoto anasema kweli. Ni maneno ya kujaribia mashine."

Akanitazama kwa macho ambayo sijayaona tangu kijana wake aondoke, macho yaliyo hai. "Na wewe, kaka yangu," akasema, "ndiye wa kuja kunifundisha ukweli? Wewe?"

Nikafunga mdomo. Mara chache sana hutokea, iwekeni kwenye kumbukumbu.

Basi tukaenda. Ningewaambia tuliogelea mto wenye mamba, lakini tulipita darajani kwa miguu kama watu wengine, mvua ikiwa imepungua na magari yanaturushia maji. Dada yangu mbele. Mwanamke aliyekuwa hawezi kumaliza bakuli la uji alikuwa anatuacha! Kipimo nyuma yake, mimi nyuma ya Kipimo, nahema.

Kipimo anasema jambo lililomtisha kuliko yote halikuwa kwamba mama yake anamfuata mtu asiyekuwepo. Lililomtisha lilitokea katikati ya daraja, alipogundua kuwa yeye mwenyewe anatazama mikono ya watu. Kila mwanamume anayepishana naye, macho yake yanashuka kwenye kifundo cha kushoto. Yule mwenye bucha alimuumba yeye, soko la mbao alilitaja kwa kuwa alihitaji kutaja mahali, na bado moyo wake ulikuwa umeanza kwenda mbio. Huenda, aliwaza. Huenda nimeandika bila kujua. Mtu anayetikisa kiti kabla hajakikalia!

Bucha la kwanza halikuwa na friji, nyama inaning'inia tu, nzi wanajipatia. La pili lilikuwa limefungwa. La tatu lilikuwa karibu kabisa na soko la mbao, ukutani kumejaa vumbi la misumeno, na ndani, nyuma ya kaunta, friji kubwa nyeupe inaunguruma.

"Friji yako," dada yangu alisema bila hata kusalimia, "alikutengenezea nani?"

Mwenye bucha, jitu la kifua kipana lenye sauti laini, akafuta kisu. "Hii? Hii mpya, mama. Imekuja juzi na watu wake."

"Na ile ya zamani?"

"Haikuwepo ya zamani. Ndiyo naanza."

Dada yangu akatoa picha mkobani, akaiweka juu ya kaunta, juu ya damu. Jitu likaipangusa upesi kwa aproni, likaishika kingo kwa vidole viwili, likaitazama. Likaitazama sana.

"Huyu," likasema, "sura yake nimeiona."

"Wapi?" Dada yangu alishika kaunta. "Wapi, mwanangu? Niambie wapi."

Jitu likamtazama dada yangu, likanitazama mimi, likaona limeingia mahali pabaya na halina pa kutokea. "Kwenye nguzo, mama," likasema polepole. "Ile karatasi, pale kwenye nguzo ya umeme. Ndipo nilipomwona."

Nje kulikuwa na magogo yanayosubiri kupasuliwa. Dada yangu akakaa juu ya mojawapo, mkoba mapajani, viatu vimejaa tope. Misumeno inalia ndani. Kipimo akachuchumaa mbele yake.

"Kumbe ulikuwa wewe," mama yake akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na kule kuona haya? Na hilo pia wewe?"

"Na hilo pia."

Dada yangu akakaa anatazama vumbi la mbao linavyogeuka uji kwenye maji ya mvua. Nilisubiri apige kelele. Nilitamani anitukane japo mimi.

"Uliandika vizuri," akasema. Halafu, tulipokuwa tumeshafika darajani tunarudi, yeye sasa ndiye wa mwisho, akasema tena bila kumtazama mtu: "Usiufute."

Asubuhi iliyofuata Kipimo alilipia, kabla hata Wino hajafungua duka. Akaipandisha tovuti hewani, orodha ya zilizoingia ikiwa tupu, safi, inangoja. Akaijaza fomu kwa simu ya Wino, ikaingia. Kwa simu yangu yenye kioo kilichopasuka, ikaingia. Kwa simu ya mteja aliyekuja kutoa nakala ya cheti, ikaingia, na mteja akauliza kama huduma hiyo ni bure. Ng'ambo ilipita. Ng'ombe alipita. Akazifuta zote, akachapa karatasi mpya zenye anwani ya tovuti chini ya picha, tukabandika nguzo kwa nguzo mpaka gundi ikatukauka kwenye kucha.

Akakaa kungoja.

Simu yake alikuwa ameitegea ilie kila ujumbe unapoingia. Iliita siku ya pili, akaangusha rundo zima la karatasi za mteja sakafuni. Ulikuwa ujumbe wa watu wanaouza dawa ya kupunguza unene. Ukafuata wa mikopo ya haraka. Ukafuata wa mtu aliyemwandikia, kwenye fomu ileile ya "Umemwona wapi?", kumuuliza kama angependa kutengenezewa tovuti.

Kila asubuhi mama yake alisimama mlangoni mwa jikoni. "Umeingia?"

"Bado, Mama."

Kipimo akaanza kutafuta kosa. Alilitafuta kama mtu anayetafuta pete kwenye mchanga. Huenda simu fulani zinakataa, akaazima simu za kila aina. Huenda kitufe hakionekani vizuri, akakikuza. Huenda kuna kialama kingine mahali fulani kinachowameza watu, watu ambao wamemwona, ambao wameandika, ambao maneno yao yamepotea weupeni. Aliniambia siku moja tukiwa dukani, mashine inatema karatasi: "Mjomba, ningepata kosa ningelala. Kosa lingekuwa na maana kwamba kuna watu." Aliifungua ile kompyuta tena na tena, akaipima kwa kila njia anayoijua. Ilikuwa nzima. Hajawahi kutengeneza kitu kizima kama ile fomu maishani mwake. Ilikuwa inafanya kazi sawasawa, na hakuna mtu aliyekuwa na la kusema.

Mimi nilimchekesha kadiri nilivyoweza. Nikamwambia Redio atarudi amevaa suti, ana tumbo, anamiliki kiwanda cha barafu. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mtu anayepokea kikombe cha chai asiyoitaka.

Kisha ikafika asubuhi dada yangu alipopita jikoni, akachukua maji, akaenda zake bila kuuliza. Kipimo alisubiri swali akiwa amesimama na kijiko mkononi. Alisikia shuka linavutwa sebuleni, halafu cherehani inaanza, taratibu, bila mtu wa kuikosesha mshono. Watu walisema, afadhali, mama ameanza kushona. Kipimo aliingia chooni akafungulia maji, akalia humo mpaka Wino akapiga simu kuuliza kama leo ni sikukuu.

Mwaka ulipozunguka, kampuni ikatuma taarifa kwamba muda wa tovuti unaisha. Hapo mimi nilitegemea mambo mengi. Nilitegemea apime, aulize, anuse. Alilipa papo hapo, amesimama kwenye foleni ya mkate, hakufungua hata ukurasa kuona kama bado upo. Hapo ndipo nilipojua kwamba mpwa wangu amevunjika mahali ambapo hapaonekani.

Ile nyingine, ya jikoni, bado ipo kwenye laptopu. Dereva wa lori yumo, mwalimu yumo, mlevi wangu yumo, na juu yao wote mwenye bucha. Kipimo hakufuta, kwa kuwa aliambiwa asifute. Siku nyingine akirudi kazini anaikuta laptopu mezani imefungwa, imepangwa vizuri pembeni ya mkebe wa sukari, na akiigusa chini ni ya moto. Anaiacha ipoe. Anaandaa chakula. Wanakula wawili, wanazungumza juu ya bei ya nyuzi. Hakuna anayeuliza nani alikuwa akisoma nini.

Haya. Lakini mnanijua, si kawaida yangu kumwacha mtu aondoke kwangu na moyo mzito, na nimekaa hapahapa mezani jikoni nikichapa kwa kidole kimoja kwenye laptopu yenye kile kinundu cha mpira. Basi sikilizeni hili ambalo nimeliweka mwisho makusudi. Juzi, jua linachomoza, simu ya Kipimo ikalia. Si dawa za unene, si mikopo. Ujumbe mrefu, una jina kamili, una namba ya simu, wa mtu aliye ng'ambo kabisa, nchi ya jirani, anasema kijana mwenye kovu amemtengenezea chumba cha baridi, amenenepa, anaimba mpaka ng'ombe wanakimbia, na amesema wiki hii anapanda gari kuja kumwo

"Mjomba." Amesimama nyuma ya bega langu, na sijui amesoma tangu wapi. "Juzi ipi hiyo? Hakuna kilichoingia, unajua hakuna. Futa, tafadhali. Futa sasa hivi, Mama anakuja kuchukua maji."